Kayaki nyembamba inatikisika: ni mbovu, au ndivyo ilivyokusudiwa?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina miaka 34, uzito kilo 82. Kuna jamaa anahama nchi, anauza kayaki mbili na ameniambia nichague moja. Ya kwanza ya plastiki, rangi ya machungwa, urefu mita 2.9 na upana sentimita 79, mtu anakaa juu wazi. Ya pili ya faiba, mita 5.1 kwa sentimita 56, ina tundu katikati unaingiza miguu. Nimezijaribu kwenye maji ya magoti. Ya machungwa imetulia kama mkeka. Ile ndefu ilitikisika mpaka nikashika mchanga kwa mkono, na mvuvi mmoja aliyekuwa pale akasema hilo ni jeneza. Mimi nataka kuvua kwa mshipi, na siku moja moja niende hadi kisiwa cha Ulenge na kurudi. Nina binti wa miaka 9 naye anataka twende wote. Je, ile ndefu ina kasoro ya kiwandani? Na inakuwaje vyombo viwili vyenye jina moja vitofautiane hivi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kuleta vipimo. Wengi huniuliza "kayaki nzuri ni ipi" kama mtu anayeuliza sukari nzuri ni ipi, nami nabaki sina pa kuanzia.

Hilo la kasoro nilitoe kwanza usije ukalala nalo. Ile ndefu haina kasoro. Sentimita 56 ni upana wa kawaida kabisa kwa kayaki ya baharini. Zile za mashindano ya Olimpiki, za mtu mmoja kwenye maji tulivu, zina urefu wa mita 5.2 na uzito wake haupungui kilo 12. Zamani zilikuwa na kanuni kwamba upana usipungue sentimita 51. Kanuni hiyo ikafutwa baada ya michezo ya Sydney ya mwaka 2000, na mafundi wakazipunguza mbavu mpaka leo anayeikalia moja kwa mara ya kwanza huwa majini kabla hajalishika kafi sawasawa. Na wanaozitumia wanazipenda hivyo hivyo.

Kipimo ulichotumia ndicho kilichokudanganya. Umekaa kwenye maji ya magoti, bahari imelala, chombo hakiendi popote, ukauliza mwili wako unajisikiaje. Hapo ya machungwa ni lazima ishinde. Ni sawa na kuchagua baiskeli kwa kuangalia ni ipi inasimama yenyewe uwanjani.

Yule mvuvi usimcheke. Yeye chombo anachokijua ni cha kusimama ndani yake, avute nyavu, ahame huku na kule, na kwa kazi hiyo maneno yake ni ya kweli. Lakini ile ndefu haikutengenezwa ili upande juu yake. Ilitengenezwa ili uivae. Ukilishika hilo moja, mengine yote ya umbo lake yanajieleza, kwa hiyo niruhusu nikupeleke mbali kidogo na Tanga.

Jina limetoka kwa Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini kabisa. Kule Greenland wanaiita qajaq. Jamaa zao na majirani zao kuanzia visiwa vya Aleut na Alaska, kupitia kaskazini ya Kanada, walikuwa na vyombo vya ukoo huo huo, kila mwambao na umbo lake. Ni nchi zisizoota miti ya kutosha kuchonga hata mwiko mkubwa, achilia mbali mtumbwi. Mbao walizookota ufukweni ni magogo yaliyoangushwa na mito ya mbali, kama ile ya Siberia, yakabebwa na barafu na mikondo mpaka kwao. Kwa vijiti hivyo wakaunda kiunzi: mataruma membamba, yaani mbavu za chombo, yaliyokunjwa, yakafungwa kwa kamba za ngozi na vigingi vya mti au mfupa. Msumari haukuwepo, na haukuhitajika, kwa sababu kiunzi kilichofungwa kwa kamba hunesanesa na wimbi badala ya kushindana nalo. Juu yake wakavisha ngozi za sili, mnyama wa baharini waliyemwinda. Kushona ilikuwa kazi ya wanawake, na ndipo kulipokuwa na ufundi ambao mimi fundi wa faiba nauvulia kofia: kwenye mishono ya mwisho sindano haitoboi ngozi ikatokea upande wa pili. Inazama katikati ya unene wa ngozi na kurudi. Tundu lisilopenya halivuji.

Sasa vipimo. Hakukuwa na futi wala utepe. Kipimo kilikuwa mwenye chombo. Namna moja inayojulikana sana kutoka Greenland ni hii: urefu ni mikono yako yote miwili iliyonyooshwa huku na huku, ncha hadi ncha, pima mara tatu, upana ni nyonga zako, ongeza ngumi mbili, kina cha pale unapokaa ni ngumi moja na dole gumba lililosimama. Mtu wa umbo lako angepata chombo cha mita 5 na ushee kwa sentimita 50 na kitu. Linganisha na hicho cha faiba kilichokutisha. Kayaki ya baba haikumfaa mtoto mpaka awe na mwili wa baba, mithili ya kanzu.

Mwindaji akishaingia, goti linabana chini ya sitaha, nyonga zinagusa pande zote mbili, unyayo umekanyaga taruma. Juu yake anavaa joho la ngozi lisilopitisha maji, wanaliita tuilik, linalofungwa usoni, viganjani na kwenye ukingo wa tundu. Mtu na chombo wanakuwa kitu kimoja. Chombo kiko chini sana, sitaha karibu ilingane na maji, upepo usipate pa kushika na sili asione kitu kinakuja. Na kikipinduka? Maji ya kule ni ya barafu, na wawindaji wengi hawakujua kuogelea. Kutoka nje ya chombo ilikuwa ni kufa. Wakajifunza kujibinua: unapiga kafi, unazungusha nyonga, chombo kinarudi wima na wewe ndani yake. Mpaka leo Greenland wana mashindano ya hilo, na mitindo inapita 30: kwa kafi, kwa kibao kidogo, kwa mkono mtupu, hata kwa mkono ulioshika jiwe.

Ile ya faiba unayouziwa ni mjukuu wa vyombo hivyo, na kwa baadhi ya miundo ya Uingereza ukoo wake unajulikana kwa majina. Mwaka 1959 Mskoti mmoja, Ken Taylor, alikwenda kijiji cha Illorsuit, magharibi ya Greenland, na huko Emanuele Korneliussen akamtengenezea kayaki ya mwili wake. Alirudi nayo Scotland, ikapimwa na kuchorwa, na michoro hiyo ikazaa kayaki inayoitwa Anas Acuta, jina la Kilatini la aina fulani ya bata. Nyingi zenye omo, yaani pua ya mbele, iliyochongoka na kuinuka zinafuata mkondo huo. Ya machungwa haina babu wa barafuni. Hiyo ni mtoto wa California wa miaka ya 1970, wakati Tim Niemier alipoanza kutengeneza vyombo vya kukalia juu, jirani zaidi na ubao wa kuteleza kwenye mawimbi kuliko na qajaq. Wamepewa jina moja kwa sababu ya lile kafi lenye bapa huku na huku.

Turudi kwenye kutikisika. Chombo kikiinama, sehemu iliyozama zaidi inasukumwa juu na maji, na msukumo huo ndio unaokirudisha. Nguvu ya kurudisha inategemea upana, na haiutegemei kidogo: kwa kila mita ya urefu, inakwenda na upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Piga hesabu ya vyombo vyako. Sentimita 79 gawanya kwa 56 ni 1.41, zidisha kwa yenyewe mara tatu unapata karibu 2.8. Kwa hiyo ile ya machungwa, kila mita yake inakurudisha kwa nguvu karibu mara tatu. Ile ndefu inalipa kidogo kwa kuwa na mita nyingi zaidi, ila ncha zake ni nyembamba na hazisaidii sana.

Mbona basi wasizifanye zote pana? Na mbona ya machungwa iwe pana hivyo? Angalia unapokaa. Ya machungwa ina vitundu vinavyopenya toka kiti mpaka chini, ili maji yakiingia yatoke yenyewe. Ili yatoke, kiti lazima kiwe juu ya usawa wa bahari, vinginevyo bahari ndiyo itakayopanda. Basi umeinuliwa, kilo zako 82 ziko juu, na chombo kisipokuwa kipana kitakumwaga. Upana ule ni deni la kiti. Kwenye ile ndefu makalio yako yako chini ya usawa wa maji, karibu yaguse mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Tofauti ya sentimita tatu za kiti unaisikia papo hapo. Nimewahi kumtengenezea mteja mmoja aliyelalamika hivyo hivyo. Sikugusa chombo, nilitoa tu sponji nene aliyoiweka kitini kwa ajili ya mgongo.

Wazee wetu walikabili tatizo hilo hilo na gogo la mwembe, ambalo halina upana. Wao wakaongeza matengo: ngalawa inabaki nyembamba na nyepesi ya kwenda, utulivu umetupwa nje mbali, kwenye ncha za mirengu. Wainuiti wakamshusha mtu chini na kumfunga. Mwenye kiwanda cha plastiki akapanua. Njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Bei ya kupanua ni wimbi. Watu wa kayaki hutofautisha utulivu wa kwanza na utulivu wa pili. Wa kwanza ndio ulioupima wewe: ukikaa wima, chombo kinakataa kuinama. Wa pili ni pale kilipokwisha kuinama sana: je, kinakushika au kinakuachia? Chombo kipana chenye tumbo bapa hufuata uso wa maji. Maji yamelala, nacho kimelala. Wimbi likija ubavuni, uso wa maji umeinama, nacho kinainama pamoja nao, na wewe uliyekaa juu unainamishwa utake usitake, halafu ukifika mahali fulani utulivu unakwisha ghafla, kama kuteleza kwenye ukingo wa meza. Ile nyembamba hailazimishwi na wimbi kiasi hicho. Wimbi linapita chini, nyonga zinacheza, kifua kinabaki wima. Kadiri unavyoilaza ndivyo ubavu wake unavyozama na kukushika. Ndiyo maana kutikisika kulikokutisha kwenye maji ya magoti, nje ya ghuba siku ya kusi ndiko kutakakokufanya urudi umekaa.

Nasema hivyo kwa kuwa nimemwagwa na kile kipana. Miaka ya nyuma nilikuwa na moja karibu sawa na hiyo ya machungwa. Hizo zina tumbo lenye uwazi lililofungwa, na nyuma kuna kizibo cha kutolea maji, si kikubwa kuliko kifuniko cha soda. Jioni moja niliifungua nikaiegemeza ikauke, kizibo nikakitia mfuko wa shati. Asubuhi nikatoka nayo hadi mwambani. Nusu saa baadaye nikaona inakwenda kivivu, nikadhani ni mkondo. Nikigeuka nasikia chini yangu "kwach", kimya, "kwach". Maji yameingia, na ubaya wa maji ndani ya tumbo pana ni kwamba chombo kikiinama kidogo yote yanakimbilia upande ule ule na kumalizia kazi. Wimbi dogo sana lilitosha. Aliyeniokota kwa dau aliniuliza hiki mfukoni ni nini.

Sasa urefu. Chombo chochote kinachokwenda kinajitengenezea wimbi omoni na jingine tezi, yaani nyuma, na kikifikia mwendo fulani kinakuwa kama kinapanda kilima cha wimbi lake mwenyewe. Mwendo huo unategemea urefu unaogusa maji. Kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Ya machungwa, yenye mita 2.8 hivi majini, inagota karibu kilomita 7.5. Ile ndefu, ncha zimeinuka, tuseme mita 4.6 majini, inafika karibu 9.6. Lakini wauzaji hupenda kuishia hapo, mimi sitaki. Wewe hutapiga kafi kwa kasi hiyo. Mtu wa kawaida anakwenda kilomita 5 au 6 kwa saa, na kwenye mwendo huo kinachokula nguvu zaidi ni msuguano wa maji na ngozi ya chombo, siyo wimbi. Chombo kirefu mno kina ngozi nyingi. Faida kubwa ya ile ndefu kwako ni wembamba wake na kunyooka kwake: unapiga kafi upande mmoja, inakwenda mbele badala ya kugeuza shingo. Ya machungwa kila pigo inatikisa kichwa kulia, kushoto, kulia, na nusu ya jasho lako linaishia kwenye kuirekebisha.

Kunyooka huko kunatokana na mgongo wa chini. Iweke ile ndefu sakafuni uiangalie kwa ubavu. Kama tumbo lake limelala karibu lote, itashika njia na itakuwa nzito kugeuka. Kama limepinda kama ndizi, omo na tezi zimeinuka, itageuka upesi na kupotea njia upesi. Kayaki za mtoni za kupita kwenye milango ya fito zilizoning'inizwa, zile za mita 3.5 kwa sentimita 60 za Olimpiki, zimepinda hivyo kwa makusudi. Ya baharini hutaka kupinda kidogo tu. Halafu pitisha kiganja pale ubavu unapokutana na tumbo. Ukikuta kona kali, ukiilaza upande kona hiyo inashika maji na kusaidia kugeuza. Ukikuta mviringo, itainama laini bila kukushtua. Wapo wanaogombana juu ya hili usiku kucha. Kwa anayeanza sioni tofauti ya kukosesha usingizi.

Kinachokosesha usingizi ni upepo. Kayaki ikienda mbele, omo inakata maji na inashikwa pande zote mbili; tezi iko kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, haishikwi. Upepo wa ubavuni unasukuma tezi peke yake, na omo inageuka kuutazama upepo. Utapiga kafi upande mmoja mpaka bega liwake, nayo bado inaangalia kusini. Ndiyo maana zile ndefu nyingi zina pezi dogo linaloshushwa nyuma kwa kamba, au usukani wa miguu. Pezi haligeuzi chombo, linaishika tezi tu isichukuliwe. Muulize jamaa kama la hiyo yake linashuka, maana kokoto hupenda kulibana kwenye ala yake. Usipokuwa nalo, dumu la maji la lita tano nyuma ya kiti linapunguza shida, kwa kuwa linaizamisha tezi.

Nyembamba na ndefu siyo lazima iwe ya watu wa barafu, wala siyo lazima ivunjike. Kuna daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, ambaye kwanza alivuka Atlantiki kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia, halafu mwaka 1956 akavuka tena peke yake kwa kayaki ya kukunja ya Klepper, kiunzi cha mbao kilichovishwa turubai na mpira, urefu wake mita 5.2, yaani ndugu wa hiyo yako kwa urefu. Alitumia siku 72 kutoka Visiwa vya Canary hadi Karibiani. Ubavuni alikuwa amefunga nusu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo, tengo la ngalawa kabisa. Hata hivyo ilipinduka mara mbili karibu na mwisho wa safari. Sikupi mfano huu ili uuige.

Kuhusu mali yenyewe sitachukua muda mrefu. Ya machungwa imetengenezwa kama lile tangi jeusi la maji lililo juu ya paa: unga wa plastiki unatiwa kwenye kalibu, kalibu inazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kupaka kuta zote. Ni ngumu, unaiburuta kwenye mawe, haijali. Adui wake ni jua. Ikikaa juani miaka inapauka, inakuwa kavu, na ukiifunga kamba kwa nguvu juu ya gari mchana wa Februari inabonyea. Ikipasuka, gundi haishiki plastiki ile. Inahitaji kuchomelewa kwa ukanda wa plastiki ya aina hiyo hiyo. Ya faiba ni nyepesi kwa urefu wake na inateleza vizuri, ila mwamba mmoja unaitoboa. Habari njema ni kwamba fundi yeyote wa boti za faiba hapo Tanga anaiziba kwa mchana mmoja.

Ukienda kuziangalia tena, nenda na tochi. Kwenye ile ndefu, fungua vifuniko vya mbele na nyuma, mulika ndani. Utaona viambaza viwili vinavyotenga tundu lako na ncha. Hivyo ndivyo uhai wako. Kayaki ikijaa maji, hewa iliyofungwa kwenye ncha ndiyo inayoifanya ielee na wewe upate pa kushika. Mimina ndoo ya maji sehemu ya nyuma, inua tezi, tazama kama yanavuja kuja kitini. Yakivuja, kiambaza kimeachia; kinazibika, ila bei ishuke. Kwenye ya machungwa, chungulia kuta za vile vitundu, hasa chini ya kiti. Nyufa nyembamba kama unywele huanzia hapo, na ndipo maji yanapoingia tumboni hata kizibo kikiwepo.

Halafu kaa kwenye ile ndefu tena, ila kwa namna yake. Viatu vitoe. Mgongo wima, usijilaze kama kwenye kochi. Miguu ikanyage vikanyagio, magoti yaguse chini ya sitaha. Kama kati ya nyonga na ukuta kiganja kinapita kikiwa kimesimama, ni sawa. Zikipita ngumi mbili kila upande, ni kubwa kwako na itabidi ubandike sponji. Tazama mbele, mbali, siyo maji yaliyo chini yako. Mtikisiko ule ni magoti yako yanayogombana na chombo. Ukishalegeza nyonga unapungua wenyewe, na ukianza kupiga kafi unapungua zaidi.

Jambo ambalo siwezi kukuachia ni kutoka ndani ya chombo kikipinduka. Kwa maji ya kiunoni, rafiki amesimama pembeni, jipindue kwa makusudi. Utakuta mwili unateleza nje wenyewe. Ukitulia, ni nadra kubanwa mle. Baada ya hapo vaa ile sketi ya kuzuia maji inayofunika tundu, hakikisha kile kitanzi chake cha mbele kiko nje na kinaonekana, jipindue tena, vuta kitanzi, toka. Fanya mpaka ikuchoshe. Kisha jifunze kurudi ndani: unavisha boya kwenye bapa la kafi, unalilaza kafi nyuma ya tundu liwe tengo la muda, unapanda kwa tumbo, unageuka, unachota maji kwa pampu. Kwenye ya machungwa ni rahisi zaidi, piga teke, lala kifudifudi katikati, geuza makalio. Mpaka uweze kurudi peke yako bila msaada, usivuke ghuba peke yako, ya rangi yoyote. Gino Watkins, Mwingereza aliyejifunza kujibinua kwa Wagreenland wenyewe, alitoka peke yake kuwinda mwezi Agosti 1932. Kayaki yake ilikutwa ikielea, mwenyewe hakuonekana tena.

Basi ipi? Barua yako inataja kuvua, binti, na Ulenge. Kuvua kwa mshipi na kutembea na mtoto ni kazi ya ya machungwa, haina mjadala: unageuka, unaweka ndoo, samaki akija anakurukia mapajani, hakuna kinachozama. Ulenge ni kazi ya ile ndefu. Ukiwa na fedha ya moja tu kwa sasa, nunua ya machungwa leo, umwombe huyo jamaa akutunzie ndefu mwezi mmoja ukiijaribu jioni jioni pale Raskazone, maji ya kiunoni. Mwezi ukiisha utajua. Nahisi utachukua ndefu, lakini hiyo ni hisia ya mtu anayezipenda. Toka alfajiri upepo ukiwa bado haujaamka, urudi kabla ya adhuhuri, na miezi ya kusi kali uvue ndani ya ghuba.

Binti asikae mbele yako kwenye ile ndefu, hata kama ananing'iniza tu miguu tunduni. Hilo tundu ni la mtu mmoja. Kwenye ya machungwa kwanza soma kibandiko cha uzito unaoruhusiwa, hujumlisha na mizigo, na chombo cha mita 2.9 na wewe kilo 82 nafasi iliyobaki si kubwa. Mkae nyote kwenye kina kifupi uangalie vile vitundu: maji yakipanda na kukaa kitini badala ya kutoka, mmezidi, na safari yenu wawili isubiri chombo cha mita 3.5 hivi chenye viti viwili. Jaketi la kuokolea maisha lake liwe la saizi yake na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. La mtu mzima litapanda juu mpaka masikioni, na yeye atabaki chini.